Rais wa Marekani Aliyewinda Juja na Ruiru

Mtu atokaye Nairobi kwenda Thika siku hizi hupita Ruiru na Juja upesi sana, katika barabara pana iliyofunguliwa mwaka wa 2012. Akitazama upande wa kulia huona majumba, machimbo ya mawe na mashamba, nayo nchi ikishuka polepole kuelekea uwanda wa Athi. Wachache wajua kwamba katika mwezi wa Mei 1909 nchi hiyo ilikuwa na mgeni ambaye miezi miwili na siku chache tu kabla ya hapo alikuwa akitawala taifa la watu karibu milioni 90. Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Wasomaji wasimchanganye na Franklin Roosevelt, aliyekuwa Rais wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hao walikuwa wa ukoo mmoja, lakini undugu wao ulikuwa wa mbali.

Bwana Roosevelt hakuja kwetu kwa kazi ya serikali. Alikuja kuwinda. Hata hivyo, habari zake zafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa hakuna Rais wa Marekani kabla yake aliyejiingiza katika mambo ya mataifa mengine kwa kiasi kile, na jinsi alivyoitazama nchi ya Ruiru haikuwa mbali na jinsi alivyozitazama nchi nyingine ndogo za dunia.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Utotoni alikuwa dhaifu, akisumbuliwa na pumu hata usiku mwingine hawezi kulala kitandani, ila kukaa kitako. Baba yake alimwambia kwamba akili anayo lakini mwili hana, na kwamba mwili huo lazima autengeneze mwenyewe. Basi akashika mazoezi: ngumi, kupanda farasi, kuogelea, kutembea milimani. Alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1880, akaoa, akaingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo la New York akiwa kijana wa miaka 23.

Kisha likampata jambo ambalo hakupenda kulisema maisha yake yote. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake alikufa kwa homa ya matumbo, na mkewe akafa siku ile ile, katika nyumba ile ile, siku mbili baada ya kujifungua mtoto wa kike. Bwana Roosevelt akamwacha mtoto kwa dada yake, akaenda zake magharibi katika nchi ya Dakota kufuga ng'ombe. Mfugaji wa Thika ataelewa yaliyompata huko: majira ya baridi ya mwaka 1886 na 1887 yalikuwa makali mno, na ng'ombe wake wengi wakafa. Alirudi mjini amepata hasara kubwa, lakini mwili umekuwa mgumu.

Alioa tena, akapanda cheo baada ya cheo. Mwaka wa 1898 Marekani ilipopigana na Hispania juu ya kisiwa cha Cuba, aliacha kazi yake katika wizara ya manowari, akaunda kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea, akaenda vitani. Tarehe 1 Julai mwaka ule walishambulia vilima vya San Juan, naye akarudi nyumbani ni shujaa wa magazeti. Magazeti hayo hayakusema sana juu ya askari weusi wa vikosi vya tisa na vya kumi vya wapanda farasi, waliopanda vilima vile siku ile ile. Akawa gavana wa New York, kisha Makamu wa Rais mwezi wa Machi 1901. Mwezi wa Septemba Rais McKinley alipigwa risasi katika mji wa Buffalo, akafa tarehe 14. Bwana Roosevelt akashika hatamu akiwa na miaka 42. Hata leo hakuna aliyepata kuwa Rais wa nchi ile akiwa mdogo kuliko yeye.

Alikuwa na msemo alioupenda sana, kwamba mtu anene kwa upole huku amechukua fimbo kubwa, naye atafika mbali. Alisema kwamba ni methali ya Afrika ya Magharibi. Wataalamu wametafuta asili yake huko, wala hawakuipata kwa yakini. Wazee wetu nao huchukua bakora barazani, lakini mzee mwenye heshima haiinui. Kwa Bwana Roosevelt fimbo hiyo ilikuwa manowari, naye aliipenda ionekane.

Jaribio la kwanza lilikuwa Venezuela. Mwezi wa Desemba 1902, Ujerumani, Uingereza na Italia zilipeleka manowari kuizingira pwani ya nchi hiyo kwa sababu haikulipa madeni yake. Rais alihofu kwamba mdai akishusha askari kudai fedha, huenda asiondoke tena. Shauri hilo lilipelekwa kwa waamuzi. Lakini mwaka wa 1904 alitangaza kanuni mpya: kwamba nchi yo yote ya Amerika ya Kusini au ya visiwa vile ikishindwa kutengeneza mambo yake, basi ni Marekani peke yake itakayoingia kuyatengeneza. Mwaka uliofuata Wamarekani walianza kusimamia forodha ya Jamhuri ya Dominika, wakigawa ushuru kati ya serikali na wadai wake. Tena fikira hiyo ni ya hatari zaidi kuliko ilivyoonekana siku zile. Mtu amzuiaye mwizi mlangoni pa jirani yake afanya vema. Lakini akikaa yeye ndani ya nyumba ili kuilinda, mwenye nyumba amepata nini?

Jambo la Panama lilionyesha hayo wazi. Watu walikuwa wametamani kwa muda mrefu kuchimba mfereji wa kuziunganisha bahari mbili, ili merikebu zisizunguke Amerika ya Kusini yote. Kampuni ya Wafaransa ilijaribu, ikafilisika mwaka wa 1889, baada ya maelfu ya wafanyakazi kufa kwa homa ya manjano na malaria. Panama wakati ule ilikuwa jimbo la Colombia. Marekani iliandika mkataba na Colombia, na mwezi wa Agosti 1903 baraza kuu la Colombia likaukataa, kama lilivyokuwa na haki kufanya. Rais alikasirika mno. Tarehe 2 Novemba manowari ya Marekani iitwayo Nashville ilifika Colón. Siku ya pili yake watu wa Panama waliasi, na askari wa Colombia waliotaka kuuzima uasi hawakupata njia. Tarehe 6 Marekani ikaitambua Panama kuwa taifa. Tarehe 18 mwezi ule ule mkataba wa mfereji ukatiwa sahihi Washington, na aliyetia sahihi kwa niaba ya Panama hakuwa Mpanama, bali Mfaransa mmoja, Bunau-Varilla, aliyekuwa na shughuli katika mambo ya ile kampuni ya zamani. Wajumbe wenyewe wa Panama walikuwa wangali njiani. Walipofika walikuta ukanda wa upana wa maili 10 umekwisha kutolewa kwa Marekani milele, kwa dola milioni 10 na dola 250,000 kwa mwaka.

Mfereji wenyewe ulikuwa kazi ya ajabu, na hilo halikanushiki. Daktari Gorgas aliipiga vita homa ya manjano kwa kuwaua mbu na kufunika mapipa ya maji, na merikebu zikaanza kupita tarehe 15 Agosti 1914. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi kutoka Barbados na visiwa vya jirani, nao walilipwa kwa daraja ya chini kuliko Wamarekani weupe.

Sasa tuje kwenye jambo lililompa sifa njema kuliko yote. Mwezi wa Februari 1904 Wajapani waliishambulia bandari ya Port Arthur, na vita vikaanza kati yao na Warusi juu ya Korea na Manchuria. Dunia nzima ilidhani kwamba Urusi kubwa itaimeza Japani ndogo. Ikawa kinyume. Urusi ilituma kundi zima la manowari kutoka bahari ya Baltiki. Nyingi zilizunguka Afrika kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema, zikatia nanga Nosy Be katika Madagaska kwa majuma mengi, zikapoteza nguvu kwa joto, maradhi na kungoja. Zilipofika mwisho wa safari, tarehe 27 na 28 Mei 1905, Wajapani waliziangamiza huko Tsushima.

Hapo kila upande ulikuwa na sababu ya kutaka amani, na kila upande uliona haya kuiomba. Japani ilikuwa imeshinda, lakini fedha na watu vilikuwa vimekwisha. Urusi ilikuwa na watu tele, lakini nyumbani kwake kulikuwa na maasi. Wajapani wakamwomba Rais Roosevelt kwa siri awaite wote wawili kama kwamba shauri ni lake mwenyewe. Akafanya hivyo. Tarehe 5 Agosti 1905 aliwapokea wajumbe katika merikebu iitwayo Mayflower, karibu na nyumba yake. Ilikuwako shida moja ndogo ambayo mzee ye yote aliyewahi kusuluhisha koo mbili ataitambua: nani aketi wapi, na nani aombewe heri kwanza? Rais aliandaa chakula cha kuliwa kwa kusimama, pasiwe na kiti cha mbele wala cha nyuma, kisha akainua bilauri mara moja tu kwa ajili ya wafalme wote wawili pamoja.

Mazungumzo yalifanyika Portsmouth, Witte akiwasemea Warusi na Komura akiwasemea Wajapani. Wajapani walitaka walipwe fidia ya vita. Warusi walisema hawatalipa hata kopeki moja. Rais, ambaye hakuwapo chumbani, alipeleka simu kwa Mfalme wa Urusi na kwa Tokyo, akimsihi huyu na kumwonya yule. Mwishowe Japani iliacha fidia, ikapewa nusu ya kusini ya kisiwa cha Sakhalin, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 5 Septemba 1905. Watu wa Tokyo walifanya ghasia kwa hasira, maana walitazamia fedha. Mwaka wa 1906 Bwana Roosevelt alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, Mmarekani wa kwanza kuipata. Fedha zake hakuzitia mfukoni. Hatimaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alizigawa kwa watu waliopatwa na taabu ya vita.

Lakini Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa kiini cha ugomvi wote, hawakuwa na mjumbe Portsmouth. Mwezi wa Novemba 1905 Japani iliiweka Korea chini ya ulinzi wake, na Marekani ikafunga ubalozi wake huko bila kuteta. Mwaka wa 1910 Korea ikamezwa kabisa.

Nyumbani kwake pia alikuwa mtu wa pande mbili. Mwezi wa Oktoba 1901 alimwalika mwalimu Booker T. Washington, mtu mweusi, kula naye chakula cha jioni Ikulu, na wazungu wa kusini wakamtukana kwa miezi. Lakini mwaka wa 1906 aliwafukuza jeshini askari weusi 167 kwa ajili ya fujo iliyotokea Brownsville katika Texas, bila hata mmoja wao kushitakiwa mbele ya hakimu. Jeshi lilikuja kuwasafisha majina mwaka wa 1972, wakati karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Kabla hajatoka madarakani alizituma manowari 16, zilizopakwa rangi nyeupe, kuizunguka dunia. Ziliondoka mwezi wa Desemba 1907, zikafika hata Yokohama, ambako Wajapani walizipokea kwa nyimbo za watoto wa shule, zikarudi tarehe 22 Februari 1909. Tarehe 4 Machi alimkabidhi kazi Bwana Taft. Majuma matatu hayajatimia, akawa yu baharini kuja Afrika.

Alifika Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington, ambalo lilitaka ngozi na mifupa ya wanyama. Alipanda gari la moshi mpaka Kapiti, na huko wapagazi wapata 200 walikuwa wakimngoja. Walikuwapo Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wakamba na wengine, na kila mmoja mzigo wake ulikuwa kama ratili 60. Mizigo mingine ilikuwa chumvi ya kukaushia ngozi. Mingine ilikuwa vitabu. Katika watu wake wa karibu walikuwamo Bakari na Muhamed, waliochukua bunduki zake, na Ali, mtumishi wa hemani. Wao walimwita Bwana Mkubwa, naye katika kitabu chake akaliandika «Makuba». Kermit, kijana mwembamba wa miaka 19, wakamwita Bwana Maridadi. Hapana shaka kulikuwa na kicheko kidogo ndani ya jina hilo.

Baada ya kuwinda katika vilima vya Mua alikuja Juja, kwa Bwana Northrup McMillan, Mmarekani mwenziwe kutoka St. Louis, tajiri na mtu wa maungo makubwa sana. Nyumba yake ilikuwa na baraza pana kuizunguka, karibu na mahali ambapo mto Ruiru na mto Nairobi hukutana. Leo mwenye ng'ombe wa Juja huogopa mwizi na ukame. Siku zile mitoni mlikuwa na viboko, na uwandani nyumbu, kongoni, punda milia na faru walitembea mpaka machoni pa nyumba. Katika msako mmoja hapo Juja chui aliyepigwa risasi na Kermit aliwarukia watu, akamjeruhi mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele kumtoa kichakani. Kutoka Juja Bwana Roosevelt alikwenda Kamiti, kwenye shamba la Bwana Heatley. Wengi sasa walijua jina hilo kwa ajili ya gereza. Yeye alikuta bonde la mafunjo lililojaa nyati. Aliua kadhaa, na mara moja kundi zima liligeuka likasimama kuwatazama wawindaji mahali peupe pasipo mti. Aliandika kwamba ilikuwa dakika ya hofu, na katika hilo twaweza kumsadiki.

Safari yote ya Afrika, mpaka Khartoum mwezi wa Machi 1910, yeye na Kermit waliua wanyama 512. Alisema kwamba waliua kwa ajili ya elimu na chakula tu. Hesabu ni kubwa, hata kwa wakati ule.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi ni namna alivyoiona ardhi. Bwana Roosevelt alipoutazama uwanda kutoka barazani Juja aliiona Dakota ya ujana wake: majani, wanyama, hewa baridi, na nafasi. Aliandika kwamba nyanda za juu zafaa kuwa makao ya wazungu, akawatia moyo masetla aliokutana nao. Hakuuliza kwa nini nafasi ile ilikuwako. Miaka kumi tu kabla yake, 1898 na 1899, njaa na ndui vilikuwa vimewaua Wakikuyu wengi wa Kiambu ya kusini, na waliosalia wengine wakarudi kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri mpaka taabu ipite. Wamasai nao walikuwa wamepoteza ng'ombe kwa sotoka, na mwaka wa 1904 wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa. Ardhi ilionekana tupu kama shamba lionekanavyo tupu wakati mwenyewe yu hospitalini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha wageni kupewa, na wenye mbari waliporudi kwenye githaka zao waliambiwa kuwa sasa ni maskwota. Malalamiko hayo yalijaza vitabu vya Tume ya Ardhi ya mwaka 1932, na miaka ishirini baadaye yalikuwa yameingia msituni na bunduki.

Haikuwa ajabu basi kwamba alipofika London, tarehe 31 Mei 1910, aliusifu utawala wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki, kisha akawaambia juu ya Misri kwamba ama waitawale kwa nguvu, ama watoke. Wamisri waliotaka kujitawala walimchukia kwa maneno hayo, na baadhi ya Waingereza waliona kwamba mgeni amevuka mpaka.

Alijaribu kurudi Ikulu mwaka wa 1912 na chama kipya. Tarehe 14 Oktoba, katika Milwaukee, mtu alimpiga risasi kifuani. Alitoa hotuba yake ndefu kwanza, ndipo akaenda hospitali. Akashindwa katika uchaguzi. Mwana wake mdogo, Quentin, rubani wa ndege, aliuawa Ufaransa mwezi wa Julai 1918, na baba hakupata nguvu tena. Alikufa usingizini tarehe 6 Januari 1919. Mwenyeji wake, Bwana McMillan, alikufa mwaka wa 1925 na kuzikwa Kilima Mbogo, ambako wenyeji wa Thika huweza kulitazama kaburi lake hata leo.

Deni la Panama lilimfuata hata kaburini. Tangu mwaka wa 1914 serikali ya Washington ilikuwa imeandika mkataba wa kuilipa Colombia dola milioni 25 kwa jimbo ililopoteza, naye Bwana Roosevelt aliupinga kwa ukali wote aliokuwa nao, akisema kulipa ni kukiri kosa. Alipokuwa hai baraza kuu halikuupitisha. Mwaka wa 1921, miaka miwili baada ya mazishi yake, lilikubali, na fedha zikalipwa. Mfereji wenyewe, uliotolewa milele, ulirudishwa kwa Wapanama adhuhuri ya tarehe 31 Desemba 1999.